Mikorosho yangu inakauka kuanzia nchani: ni mdudu, ni mnyauko, au salfa imechosha ardhi?

#1 Mtoto wa Mahuta

Wakuu, habari za majukumu.

Nina shamba la ekari 4 huku Tandahimba, nimeachiwa na baba aliyefariki mwaka juzi. Mikorosho ipo 190, mingi aliipanda yeye na babu mwishoni mwa miaka ya sitini. Mwaka huu mvua zilipokatika, majani mapya yalitoka vizuri tu, nikafurahi. Baada ya wiki tatu nikaona ncha za matawi zinakuwa nyeusi, zinajikunja, kisha zinakauka kama zimepitiwa na moto. Nimehesabu miti 17. Mmoja kati ya hiyo umekufa wote, siku 20 tu, na majani yake yamebaki yananing'inia, hayajadondoka. Mingine miwili inatoa gundi nyeusi shinani.

Jirani tunapakana kwa njia ya miguu tu, na kwake ni kijani kitupu.

Mimi nashuku salfa, ule unga wa njano tunaopuliza kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu. Shamba hili linapulizwa tangu niko darasa la pili. Ile njano yote imeingia ardhini miaka na miaka, ardhi imechoka, mizizi inaungua. Mama anakataa, anasema tangu baba aondoke hakuna aliyepalilia chini ya miti kama yeye alivyokuwa akipalilia. Fundi wa kupuliza anasema ni ubwiri unga, niongeze dozi.

Maua yanakaribia na sina hela ya kubahatisha. Nimeweka picha tatu. Natanguliza shukrani.

#2 Fundi Bomba

Pole mkuu. Mimi napuliza msimu wa tisa sasa, Newala na Tandahimba. Hapo ni ubwiri unga moja kwa moja. Msimu uliopita ulipuliza mara ngapi na mifuko mingapi?

#3 Kijana wa Newala

Nafuatilia. Kwangu ni miti sita, dalili hizo hizo za nchani, ila gundi sijaiona. Wataalamu njooni.

#4 Mtoto wa Mahuta

@Fundi Bomba mara tatu. Mifuko mitatu ya kilo 25, kila mzunguko mfuko mmoja.

#5 Fundi Bomba

Mfuko mmoja kwa miti 190? Mkuu, umeinusisha tu. Robo kilo kwa mti, kila baada ya siku 14, hadi mizunguko mitano. Mfuko mmoja unatosha miti 100. Wewe ulihitaji karibu mifuko miwili kila mzunguko. Ukigawa hesabu yako, kila mti ulipata kama gramu 130.

#6 Afisa Mstaafu

Nimekuwa bwana shamba mikoa ya kusini maisha yangu yote ya kazi. Hesabu ya Fundi ni sahihi, lakini jibu lake silikubali, na naomba asinichukie.

Ubwiri unga unakaa juu ya kitu kichanga: jani jipya, ua, korosho changa. Unaona unga wa kijivu kama mtu amepangusa mikono yenye ngano. Ua linakuwa la kahawia, linakauka kabla ya kufunga. Unakunyang'anya mavuno, hata yote, lakini hauui mti mzima kwa siku 20 na hautoi gundi shinani. Mti wenye ubwiri mbaya mwaka huu, mwakani bado umesimama.

Nimeangalia picha zako. Ya kwanza, ile ya ncha nyeusi, ina vidonda virefu kwenye kijiti laini, kama mtu alichoma kwa kijinga cha moto hapa na pale. Hiyo mimi naiita kazi ya mbu wa mikorosho mpaka nithibitishiwe vinginevyo. Nenda shambani saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua halijakolea, uinamishe tawi taratibu. Ni mdudu mwembamba, urefu kama punje ya mchele na kidogo zaidi, ana vipapasio virefu kupita mwili wake. Mgongoni amesimamisha kijiti mfano wa pini yenye kichwa. Ukikiona hicho kijiti hutamchanganya na mwingine. Akikuona anazunguka upande wa pili wa tawi. Anafyonza utomvu, na mate yake ndiyo yanayoua ncha.

Picha ya pili na ya tatu ni habari nyingine. Nadhani shambani kwako kuna matatizo mawili au matatu kwa pamoja.

#7 Mkuranga Leo

Mtoto wa Mahuta, mimi ule mti uliokufa na majani yake ndio umenishtua.

Mwaka 2012 ndipo mnyauko wa mikorosho ulipotangazwa, huku wilayani kwetu Mkuranga. Nilikuwa sijui chochote. Shamba la shemeji yangu mti mmoja ulianza upande wa mashariki, majani manjano, kisha kahawia, kisha mti wote. Tukasema ni radi. Akaukata kwa panga, na panga lile lile akaenda kupunguzia matawi ya mingine. Mpaka tunashtuka imekwenda 11. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele walieleza kwamba ni kuvu wa fuzari, anaishi kwenye udongo, anaingilia mizizini na kuziba mishipa ya maji ya mti. Ndiyo maana majani yanakufa yangali yameshikilia: mti umekufa kwa kiu huku umesimama kwenye unyevu.

Jaribio tunalofanya sisi: kata tawi la unene wa mkono, ulikate mshazari, uangalie ubao. Ubao mzima ni mweupe wa maziwa. Ukiona michirizi au duara la kahawia linalofuata mishipa, usiguse mti mwingine na panga hilo kabla hujalisafisha. Sisi tunatumia maji ya klorini yale ya kufulia.

Na kupuliza hakusaidii kitu hapo. Kuvu huyu yuko chini, bomba linapuliza juu.

#8 Dada wa Ruvuma

@Mkuranga Leo asante, hilo la panga sikulijua kabisa. Tunduru tunaazimana mapanga kijiji kizima.

#9 Chwaka84

Kutoka Unguja. Sisi hatuna mikorosho mingi ila tuna somo letu la minazi, na linafanana.

Miaka ya hamsini nazi changa zilikuwa zikianguka ovyo, zina makovu yenye utomvu. Mtafiti Way alikuja hapa akakuta ni mdudu anayefyonza, na jina la kisayansi la mdudu huyo mpaka leo linaishia na "wayi" kwa heshima yake. Kilicholeta faida ni kwamba minazi yenye majimoto ilikuwa salama. Wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, wanaouma mtu hadi anashuka mtini bila kupanga. Wao humfukuza mdudu usiku na mchana, bure.

Kwa hiyo swali langu kwa mleta uzi: kwako majimoto wapo? Na kwa jirani?

#10 Mtoto wa Mahuta

@Chwaka84 umenigusa. Kwa jirani wapo wengi, ukipita chini ya miti yake unawahi kukung'uta shati. Kwangu nilikuwa nawaua kila msimu wa kuokota kwa sababu walikuwa wanauma watoto. Nilikuwa natumia dawa ya kunguni.

#11 Bibi Korosho

Mwanangu, baba yako angekuwepo angekukataza. Majimoto hawauawi. Ukitaka kuokota, unamwaga jivu kuzunguka shina usiku, asubuhi wanakaa juu, unaokota chini kwa raha. Na korosho zikishadondoka huna haja ya kupanda juu ya mti. Mimi nimelea watoto saba chini ya mikorosho na kila mmoja ameumwa na majimoto, na wote wamekua.

#12 Kijana wa Newala

Bibi shikamoo. Nimeumwa na majimoto sehemu ambayo siwezi kuiandika hapa, lakini nimekuelewa.

#13 Bibi Korosho

Marahaba mjukuu. Sehemu hiyo hupona.

#14 Tunduru Kwetu

Majimoto wanatibu mpaka ubwiri unga. Kwa mjomba mti wenye viota haukupata ubwiri, mti wa pembeni ulipata.

#15 Afisa Mstaafu

@Tunduru Kwetu hapo hapana, mkuu. Majimoto wanafukuza wadudu, hawali kuvu. Inawezekana mti wa mjomba ulichelewa au uliwahi kutoa maua kuliko wa pembeni, basi ubwiri ukaukuta umeshapita hatua yake laini. Hilo hutokea sana, hata miti miwili iliyopandwa siku moja hutofautiana.

Nakubaliana na Chwaka84 na Bibi. Kuna jambo moja la kuongeza: majimoto wana adui, wale sisimizi wadogo wa kahawia wenye vichwa vikubwa wanaotembea ardhini kwa maelfu. Wakishika shina, majimoto hawakai. Ukihamisha kiota cha majimoto kwenda mti mpya bila kuangalia hao chini, wanaliwa usiku wa kwanza. Pia huwezi kupuliza dawa ya wadudu huku unafuga majimoto. Chagua kimoja.

#16 Fundi Bomba

Afisa sikuchukii. Ila naomba nitetee ubwiri kidogo. Kwangu dalili za kwanza kila mwaka zinaanza kwenye machipukizi ya ndani, yale yanayoota kivulini katikati ya mti. Mwenye shamba asipoyaondoa mapema, unga unajijaza pale, siku ya upepo unatoka wote kwenda kwenye maua. Picha ya kwanza ya mleta uzi nimeivuta, naona machipukizi ya kivulini mengi sana. Hata kama si chanzo cha kukauka, msimu huu hatapata korosho asiposafisha ndani.

#17 Afisa Mstaafu

Hapo tumeelewana kabisa, Fundi.

#18 Mwana Kilifi

Hamjambo ndugu. Sisi huku Kilifi mti huu twauita mkanju. Nimesoma uzi wote nikitafuta neno langu sikuliona.

Mashamba mengi ya wazee wetu mikanju imezeeka, imesongamana, na bei ikishuka watu huikata wakapiga makaa. Mimi nimebakisha 32. Swali: huyo ndugu ana miti 190 kwa ekari nne. Si ni mingi mno?

#19 Afisa Mstaafu

@Mwana Kilifi karibu, na umeuliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri.

Nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa 12. Ekari moja inachukua miti 28 hivi. Ekari nne ni kama 112. Yeye ana 190. Zamani watu walipanda karibu karibu kwa sababu mche ukiwa mdogo shamba linaonekana tupu, na kupunguza kulipofika hakuna aliyekuwa na moyo. Sasa matawi yamefungana, upepo haupiti, jua halifiki ndani, umande unachelewa kukauka. Matawi ya chini yanakufa yenyewe kwa kukosa mwanga. Hili nalo ni kukauka, na halina mdudu wala kuvu.

Kwa jirani yako ni miti mingapi?

#20 Mtoto wa Mahuta

Nimeenda kuhesabu. Jirani ana ekari tatu, miti 81.

Kupunguza nimewahi kufikiria. Mama hataki kusikia. Kitovu changu kimefukiwa chini ya mkorosho wa tatu kutoka njiani, cha dada yangu chini ya wa nne. Baba alikuwa anajua mti gani unazaa korosho kubwa, upi mabibo yake matamu, upi unawahi. Mimi sikuandika hata kimoja. Nikikata nitakuwa nakata bila kujua nakata nini.

#21 Dada wa Ruvuma

Hilo limenigusa sana. Kaa na mama yako msimu huu wa kuokota, mtembee mti kwa mti na mfunge vitambaa. Zaa nyingi kitambaa chekundu, zaa kidogo cheupe. Sisi tulifanya hivyo kwa mikorosho ya marehemu bibi. Miti michache ndiyo ilikuwa inabeba karibu mavuno yote, na mingine tulikuwa tunaipalilia miaka yote bila faida.

#22 Tunduru Kwetu

Afisa nakubali umenirekebisha. Ila msisahau historia. Mikorosho ya kusini iliharibiwa na vijiji vya ujamaa. Watu walihamishwa mwaka 1974, mashamba yakabaki mbali, ubwiri ukaingia mwaka ule ule, ndipo zao likafa.

#23 Mzee Kobe

@Tunduru Kwetu nusu ni kweli, nusu umechanganya miaka. Nilikuwepo, nilikuwa karani wa kupima korosho.

Msimu wa 1973/74 ndio uliokuwa wa juu, tani kama 145,000 nchi nzima. Baada ya hapo ikaanza kushuka mpaka msimu wa 1986/87 tukafika tani 16,500 hivi. Kuhama kulikuwepo, ni kweli, mtu alikuwa anatembea saa mbili kufika shambani kwake, akaacha kupalilia, moto wa nyasi ukapita. Lakini ubwiri tumeuona mwishoni mwa miaka ya sabini, si 1974. Na kuna kitu cha tatu ambacho vijana hamkitaji: bei. Mkulima alikuwa akilipwa kidogo mno. Mti ukiugua na bei haipo, nani ataupalilia?

Mimi kama ningeulizwa kipi kiliua zaidi kati ya vitatu, ningesema bei.

#24 Afisa Mstaafu

Mzee Kobe shikamoo. Takwimu zako ndizo ninazozijua. Mimi ningesema ubwiri, kwa sababu salfa ilipoenea miaka ya tisini mavuno yalipanda tena hata kwenye mashamba yale yale ya mbali.

#25 Mzee Kobe

Marahaba. Miaka ya tisini bei nayo ilipanda, wanunuzi binafsi walipoingia. Huwezi kuvitenganisha.

#26 Kijana wa Newala

Na msimu wa 2017/18 tulipita tani 313,000. Bei ilikuwa nzuri na salfa ilikuwepo. Wazee mnaweza kuendelea kubishana mpaka asubuhi, wote mna ushahidi.

#27 Mwana Kilifi

Nyie mabibo mnayafanyia nini? Huku mengi huoza chini ya mti.

#28 Tunduru Kwetu

Uraka, pombe ya mabibo, mkuu. Unakamua, unaacha usiku mmoja. Njoo mwezi wa kumi.

#29 Bibi Korosho

Mabibo yaliyooza msiyaache chini ya mti, yanakusanya wadudu. Rudini kwenye mada, mtoto ana shida.

#30 Mtoto wa Mahuta

Nimerudi na majibu ya shambani. Nimeamka saa kumi na moja ili niwahi shambani kama Afisa alivyosema.

Kwanza, mbu nimemuona. Kwenye miti minane kati ya 17. Mwekundu aliyefifia, na ule mgongo wenye pini upo kweli, nimeutazama mpaka macho yameuma. Vidonda viko kwenye vijiti laini tu.

Pili, miti miwili yenye gundi. Nimebandua ganda kwa kisu. Chini ya gundi kuna unga wa mbao uliochanganyika na utomvu, na njia inaingia ndani. Nimefuata kwa waya nikatoa funza mnene mweupe, hana miguu, kichwa cha kahawia. Nimempata mmoja, nadhani wapo zaidi.

Tatu, mti uliokufa. Nimekata tawi mshazari. Kuna rangi ya kahawia. Ila siwezi kusema ni michirizi ya mishipa au ni ubao uliokauka tu, maana umekufa wiki mbili sasa. Nimeweka picha.

Nne, miti sita iliyobaki haina mbu, haina gundi, na ncha zinakauka.

#31 Fundi Bomba

Umefanya kazi kubwa kuliko mafundi wengi. Hongera.

#32 Afisa Mstaafu

Kazi nzuri sana, kijana. Huyo funza ni wa mdudu mtoboa shina. Mzazi wake ni mbawakavu wa kijivu mwenye mabaka, akitulia kwenye ganda unampita bila kumuona. Anataga kwenye ufa wa ganda, funza anakula chini kwa chini. Akizunguka shina lote mti unakufa, kwa sababu njia za chakula zimekatwa. Tafuta kila tundu, toa funza kwa waya au patasi, usafishe jeraha. Mti ulioshambuliwa kupita kiasi hautibiki, ukate na uuchome, usiuache umelala shambani kama kuni, maana wataendelea kutoka humo.

Mti uliokufa unaweza kuwa fuzari, au mtoboa shina aliyeingia chini usawa wa ardhi ambako hukuangalia. Chimba kuzunguka shina kina cha jembe utazame. Halafu mti wa karibu nao ulio hai, kata tawi lake moja. Mti hai husema ukweli zaidi kuliko mfu.

#33 Mkuranga Leo

Mimi kwa picha hiyo nasema ni mnyauko. Duara la kahawia limekaa pembeni, katikati ni pasafi. Ubao uliojifia wenyewe unabadilika rangi wote.

#34 Afisa Mstaafu

Inawezekana. Siwezi kuapa kwa picha ya simu. Kipande kipelekwe kituo cha Naliendele, pale Mtwara, wana maabara. Chukua kutoka mti unaoumwa ambao bado haujafa, funga kwenye gazeti, si kwenye mfuko wa plastiki, kitaoza njiani.

#35 Chwaka84

Na ile miti sita isiyo na kitu?

#36 Dada wa Ruvuma

Ninavyoona ni nafasi. Iko katikati ya shamba?

#37 Mtoto wa Mahuta

Minne iko katikati, miwili iko pembeni karibu na njia. Mwaka jana nilikodi trekta ikalima chini ya miti nipande mbaazi.

#38 Bibi Korosho

Trekta chini ya mkorosho! Mwanangu, mizizi ya kulia chakula iko juu juu pale. Baba yako alipalilia kwa jembe la mkono, tena kwa kukwangua, hakuwahi kufukua.

#39 Afisa Mstaafu

Bibi amesema. Mkorosho una mzizi mmoja mrefu wa kwenda chini na mingine mingi inayotambaa mbali kuliko kivuli cha mti. Jembe la trekta linakata hiyo ya kutambaa, na kila mkato ni mlango wa kuvu wa udongoni. Tena trekta inabeba udongo wa shamba moja kwenda jingine kwenye majembe yake. Kama lilitoka kwenye shamba lenye mnyauko, basi.

Na mbaazi usirudie. Mbu wa mikorosho anakaa vizuri kwenye mbaazi pia, anasubiri mikorosho itoe majani mapya. Panda karanga, kunde au njugu mawe.

#40 Kijana wa Newala

Mimi nina mbaazi shamba zima jamani.

#41 Tunduru Kwetu

Kwangu mbaazi ziko miaka mitano na mbu simjui. Hili mimi silipokei moja kwa moja. Mbaazi zinarudisha rutuba na ndizo zinazolipa ada mwezi wa nane.

#42 Afisa Mstaafu

Unao majimoto?

#43 Tunduru Kwetu

Wamejaa.

#44 Mtoto wa Mahuta

Nimejifunza mengi lakini hakuna aliyejibu swali langu la kwanza. Salfa na ardhi?

#45 Afisa Mstaafu

Kweli, tumekupita. Wasiwasi wako haukosei kabisa. Salfa ikianguka ardhini, bakteria huigeuza kuwa asidi. Udongo wetu wa kichanga hauna nguvu ya kuizuia, kwa hiyo miaka mingi ya kupuliza huongeza uchachu, na watafiti wamelifuatilia hili kusini kwa muda mrefu. Mkorosho wenyewe ni mvumilivu wa udongo wenye uchachu kuliko mazao mengi. Watakaoumia mapema ni mahindi na karanga unazopanda katikati. Je, karanga zako zimedumaa?

#46 Mtoto wa Mahuta

Mama anasema karanga zimekataa kuzaa tangu miaka minne iliyopita. Tulidhani ni mbegu.

#47 Mzee Kobe

Hapo mtoto naye ana hoja yake.

#48 Afisa Mstaafu

Anayo. Pima udongo, sehemu tatu: chini ya mti, katikati ya mistari, na kwenye nyasi ambako hakujawahi kupulizwa. Ukikuta tofauti kubwa utafikiria chokaa ya kilimo. Lakini jirani yako naye amepuliza miaka hiyo hiyo na miti yake iko salama, ndiyo maana mimi salfa siiweki ya kwanza.

#49 Fundi Bomba

Kuna dawa za maji za ubwiri pia, hazimwagi unga ardhini. Ila zinataka maji mengi, na huku kwetu uwanda wa juu wa Makonde maji ya kuchota yako mbali. Ndiyo maana watu wamebaki na salfa. Na mkipuliza salfa, pulizeni alfajiri umande ungalipo na upepo umelala, unga unashika jani. Nimekuta watu wanapuliza saa nne, yote inakwenda kwa jirani.

#50 Dada wa Ruvuma

Labda ndiyo maana kwa jirani yake ni kijani, anapuliziwa bure.

#51 Mtoto wa Mahuta

Dada umenichekesha kwa mara ya kwanza tangu uzi huu uanze.

#52 Mwana Kilifi

Mikanju yangu 32 nimeizungukia leo asubuhi kwa sababu yenu. Miwili ina gundi. Nimekwenda kununua waya.

#53 Mtoto wa Mahuta

Mrejesho wa leo. Nimechimba kuzunguka mti uliokufa. Upande mmoja mzizi mkubwa umekatwa na jembe la trekta, jeraha limeoza. Tundu la mtoboa shina nimelikuta moja, usawa wa ardhi, la zamani, tupu. Mti wa karibu nao ulio hai nimekata tawi, ubao mweupe, ila kuna mstari mmoja wa kahawia mwembamba kama uzi.

Nimesafisha panga kwa klorini kati ya mti na mti. Nimefunga vipande vinne kwenye gazeti, Jumatatu napanda gari la Mtwara.

Mama amekubali tufunge vitambaa. Tumeanza na mistari miwili, miti 23. Ameikumbuka yote isipokuwa miwili.

#54 Mkuranga Leo

Mstari kama uzi ndivyo ulivyoanza kwa shemeji. Usiingize mtu wala jembe kati ya hiyo miti miwili na mingine mpaka upate majibu. Na usipande mche mpya kwenye shimo hilo.

#55 Afisa Mstaafu

Mstari mmoja unaweza pia kuwa njia ya jeraha la mzizi uliokatwa. Tusubiri maabara. Vile vipande umeviandika namba ya mti kila kimoja?

#56 Mtoto wa Mahuta

Bado. Naandika sasa hivi kwa kalamu ya rangi kabla sijasahau.

#57 Kijana wa Newala

Mkuu Jumatatu unaondoka na gari la saa ngapi? Nami nakata vipande vyangu leo jioni, tukutane stendi.